Pikapu Inavuma Mbele: Kujua Kama ni Beringi, na Nini Kiliiua

Pikapu ya zamani ikianza kuvuma upande wa mbele, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia "Bosi, hiyo ni beringi" kabla hata hajainama. Mara nyingi anapata. Lakini beringi ya mbele iliyofungwa vizuri, yenye grisi safi na sili nzima (pete ya mpira inayozuia maji na vumbi), hudumu miaka mingi. Ikifa mapema kuna kilichoiua: maji, mchanga, mzigo, nati iliyokazwa kupita kiasi, au beringi yenyewe kuwa feki. Ukibadilisha bila kutafuta kisababishi, hiyo mpya nayo itakufa vivyo hivyo.

Maelezo haya ni ya pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zile ambazo hapa Nairobi bado zinashusha viazi vya Kinangop pale Marikiti na kubeba mabati kutoka Industrial Area: Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Nissan Hardbody, Isuzu TFR na jamaa zao. Gurudumu la mbele la gari kama hilo linazunguka juu ya mhimili mfupi usiozunguka, ambao mafundi wanauita stabu. Juu ya stabu inakaa habu, kile chuma kinachoshika diski ya breki na rimu, na ndani ya habu kuna beringi mbili: kubwa upande wa ndani wa gari, ndogo upande wa nje, chini ya kifuniko cha grisi. Kila moja ina sehemu mbili zinazoachana: pete ya nje iliyoshindiliwa ndani ya habu, na pete ya ndani iliyozungukwa na rola zake ndani ya kizimba cha bati.

Rola hizo ni za mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi Marekani, alipata hataza ya muundo huo mwaka 1898. Mshazari ndio unaoiwezesha beringi kubeba uzito wa gari na msukumo wa kona kwa pamoja, na ndio huo huo unaoifanya itegemee nati iliyo mbele yake. Ukikaza nati, rola zinabanwa kwenye pete. Ukiilegeza, gurudumu linacheza. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo.

Kama pikapu yako ina uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne, dalili ni zile zile, ila mbele utakuta habu za kufunga na kufungua, kisha nati mbili zenye washa ya kuzifunga katikati. Kwa Hilux utatafuta soketi ya milimita 54. Pikapu za miaka ya karibuni nyingi zimewekewa beringi ya kipande kimoja inayoshindiliwa kwa presi. Hiyo mpelekee mwenye presi.

Inavuma, na sauti inapanda na mwendo

Tafuta lami nzuri isiyo na msongamano, kwa mfano Southern Bypass Jumapili asubuhi, uende kilomita 60 hadi 80 kwa saa, redio ikiwa imezimwa na vioo vimefungwa. Sauti ya beringi ni mvumo mzito unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari, na haujali uko gia ya ngapi. Ondoa mguu kwenye mafuta. Sauti ikibadilika pale pale, shuku difu (gia za ekseli ya nyuma) kwanza. Kanyaga klachi injini ishuke. Mvumo ukibaki vile vile, injini imetoka kwenye orodha.

Mshukiwa wa pili ni matairi, na huyu ndiye anayewapotezea watu pesa. Tairi lililolika kwa mawimbi, au la kuvishwa upya, huvuma karibu sawa na beringi. Tofauti yake ni kwamba tairi linasikiliza barabara: ukitoka lami laini kuingia lami yenye kokoto sauti yake inageuka au inapotea, wakati beringi inaendelea na wimbo wake ule ule. Simama, pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno upande mmoja, badilishana matairi ya mbele na ya nyuma kisha urudi barabarani. Sauti ikihamia nyuma, umeokoa pesa ya beringi. Ila usisahau kwamba beringi iliyolegea, au shokapu iliyokufa, inaweza kuwa ndiyo iliyolichonga tairi hilo.

Sasa tafuta ni upande gani. Kenya tunazunguka raundi abauti kwa kufuata mwelekeo wa saa, kwa hiyo muda wote uko kwenye kona ya kulia na uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi pale, shuku kushoto. Ukipungua, shuku kulia, kisha uthibitishe kwa kona ndefu ya upande mwingine. Kipimo hiki kinadanganya mara moja moja, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kuinua gari. Kwa kubahatisha tu ningeanza na kushoto: ndilo gurudumu linaloteremka kwenye ukingo wa lami uliomeguka na kupita kwenye maji yaliyotuama kando ya barabara.

Gari likiwa limeinuliwa, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kikiwa kwenye chuma kilicho nyuma ya habu, mbali na kinachozunguka. Beringi mbovu inatuma mtetemo wa mchanga mpaka kwenye vidole. Ukisikia "shhh" mara moja kila mzunguko, hiyo ni diski iliyopinda kidogo ikigusa pedi.

Gurudumu linacheza

Shika tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa, kisha lisukume na kulivuta. Mchezo ukiwepo, usitangaze bado. Mwombe mtu akanyage breki na kushikilia, halafu tikisa tena. Breki inaunganisha habu na stabu. Mchezo ukitoweka, ulikuwa kwenye beringi. Ukibaki, umetoka kwenye boljointi au bushi za mikono ya chini na juu inayoshikilia gurudumu, na hata ukifunga beringi mpya kesho gari litaendelea kugonga kwenye matuta.

Ukitikisa kushoto na kulia, saa 9 na saa 3, mchezo unaweza kuwa wa beringi au wa ncha za tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Angalia usukani na tairodi mwenzako anapotikisa: ncha iliyokufa utaiona ikiruka kabla ya kitu kingine kusogea.

Mchezo mdogo sana ni haki ya beringi hizi. Kwa kawaida huachiwa nafasi ya kati ya milimita 0.025 na 0.125, ambayo jicho halioni na mkono unaihisi kwa shida. Kinachotisha ni "tok" inayosikika. Hiyo hata mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kule Likoni Road hataiacha ipite, na pikapu ya biashara inapaswa kukaguliwa kila mwaka.

Kuna fundi atakayekwambia akaze nati tu umalizie hapo. Kama beringi zilipakwa grisi karibuni na hazivumi, inafaa. Kama hujui zilifunguliwa lini mara ya mwisho, kukaza kunafunika mchezo na kuacha mchanga uendelee kusaga ndani.

Habu inachemka

Pima kwenye barabara tambarare ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Ukipima baada ya kuteremka kutoka Limuru, kila kitu mbele kitakuwa moto na hutajua lolote. Baada ya kilomita kama 15, simama taratibu, karibisha nyuma ya mkono kwenye kifuniko cha grisi bila kugusa kwanza, halafu linganisha na upande wa pili. Vuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa moto wa kuunguza na mwingine vuguvugu, kuna shida.

Shida hiyo ni moja kati ya mbili: nati imebana beringi, au breki haiachii. Inua gurudumu likiwa bado moto ulizungushe. Likiwa zito, fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Likiachia ghafla mafuta ya breki yakichuruzika, presha imekwama ndani ya laini, na mara nyingi ni hosi ya zamani iliyovimba kwa ndani: inapitisha mafuta ukikanyaga na kukataa kuyarudisha. Lisipoachia, toa kalipa kabisa. Gurudumu likiwa jepesi sasa, pistoni au pini za kalipa zimekwama. Likibaki zito bila kalipa, hakuna tena wa kusingizia, ni beringi.

Gari lililotoka gereji wiki hii likichemka habu, anza na nati. Fundi aliyezoea kukaza kila kitu "kabisa" ameua beringi nyingi mjini hapa kuliko mashimo. Rola zilizobanwa hazina nafasi ya filamu ya grisi, joto linapanda, grisi inayeyuka na kukimbia, na kutoka hapo safari ni fupi. Mwisho wake beringi inashikana na stabu au gurudumu linatoka na habu yake, kwa hiyo habu inayounguza haiendeshwi hadi mwisho wa mwezi.

Grisi kwenye rimu, au pedali inayozama

Michirizi ya grisi upande wa ndani wa rimu maana yake sili ya nyuma imepasuka. Ikifika kwenye pedi, gari litavuta upande mmoja ukifunga breki, na pedi zilizolowa grisi hazisafishiki, nunua nyingine.

Dalili ya pedali ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Unapita sehemu mbovu au kona kali, kisha ukikanyaga breki pedali inazama nusu ya njia. Ukikanyaga mara ya pili iko juu, ngumu. Watu hutoa hewa kwenye breki, hubadilisha masta silinda (pampu kuu ya breki), na shida inabaki. Kinachotokea ni hiki: beringi iliyolegea inaruhusu diski kuyumba, diski inasukuma pistoni za kalipa kurudi ndani, na kanyago la kwanza linatumika kuzirudisha tu. Tikisa gurudumu kabla ya kununua masta silinda.

Kufungua

Mahali ni muhimu kuliko vifaa. Kwenye ploti yenye kabro tambarare, na keateka mwelevu, unafanya kazi kwa amani. Kwenye udongo weka ubao mnene chini ya jeki. Legeza nati za gurudumu likiwa bado chini, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe pande zote mbili, inua, kisha weka stendi chini ya fremu. Jeki peke yake haishiki gari ambalo mtu yuko chini yake, na matofali ya simenti hupasuka bila onyo.

Toa kalipa pamoja na mabano yake, uitundike kwa waya. Isining'inie kwenye hosi. Ng'oa kifuniko cha grisi kwa kukigonga pembeni, kunjua kotapini (pini inayozuia nati kufunguka) uitoe, halafu kofia ya kufungia nati, nati na washa. Weka kidole gumba mbele ya habu unapoivuta, maana beringi ndogo itateleza kutoka na kuangukia mchangani. Habu ikitoka, ng'oa sili ya nyuma kwa bisibisi pana (haitarudi tena, usiihurumie) na beringi kubwa inatoka.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi. Petroli ni hatari, hasa karibu na jiko la jirani. Na usikaushe beringi kwa kuizungusha kwa upepo wa kompresa, hata kama mlio wake unafurahisha: ikizunguka kavu kwa kasi ile inajikwaruza, na kizimba kikiachia, rola zinaruka kama risasi.

Soma beringi iliyokufa kabla ya kuitupa

Hapa ndipo jibu lilipo, na ndipo watu wengi wanapokimbia. Futa pete na rola ziwe kavu kabisa, zigeuze kwenye mwanga wa jua.

Grisi uliyoitoa ikiwa nyeupe kama maziwa, au pete zina madoa ya kutu yaliyopangika kwa umbali sawa na rola, muuaji ni maji. Madoa yaliyopangika yanamaanisha maji yalikaa ndani gari likiwa limeegeshwa, kila rola ikachora mahali ilipolala. Yanaingiaje wakati kuna sili? Habu ikiwa moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Ukiingia kwenye dimbwi, habu inapoa ghafla, hewa inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili iliyochoka. Pikapu iliyopita kwenye mafuriko ya Aprili na Mei 2024 na habu zake hazijafunguliwa hadi leo haina haja ya kusubiri dalili. Njia ya pili ya maji ni wale wanaoosha magari kwa mashine ya presha, wakielekeza bomba moja kwa moja nyuma ya habu ili kuondoa tope jekundu. Waambie wakae mbali na hapo.

Rangi ya majani makavu au bluu kwenye rola ni joto. Rudi kwenye nati na breki. Bluu ikiwa pia kwenye stabu, chuma kimeungua. Pitisha faili mahali pasipobeba beringi. Kama faili inakula kirahisi kuliko upande wa pili wa gari, ugumu wa chuma umepotea na stabu hiyo haifai.

Vijishimo vidogo vidogo na magamba yanayobanduka ni uchovu wa chuma. Kama beringi ina umri wa gari lenyewe, imestaafu kwa heshima. Kama ni ya mwaka jana, angalia mzigo unaoubeba, halafu angalia rimu. Rimu pana zinazotokeza nje ya fenda, au spesa zilizowekwa nyuma ya rimu ili gari lionekane limepanua kifua, zinahamisha uzito kutoka beringi kubwa kwenda kwenye ndogo ya nje, ambayo haikupimwa kwa kazi hiyo. Beringi ya nje ikifa mara mbili huku ya ndani ikiwa nzima, toa spesa.

Mikwaruzo ya kijivu iliyofifisha mng'ao wote ni mchanga. Labda sili ilichakaa, labda grisi ilitoka kwenye mkebe ulioachwa wazi kwenye gereji yenye vumbi. Mibonyeo iliyo safi, isiyo na kutu, iliyopangika kama rola, ni pigo: shimo kubwa ukiwa na mzigo, au nyundo ya aliyefunga. Na alama ya kuchakaa iliyo pana upande mmoja wa pete ya nje na nyembamba upande wa pili inasema pete hiyo haikukaa sawa ndani ya habu. Kulikuwa na uchafu nyuma yake au haikugongwa hadi mwisho.

Ukiona chochote kati ya hivyo, beringi haina matibabu. Pete ya nje nayo inatoka pamoja na rola zake. Kuweka rola mpya kwenye pete ya zamani kwa sababu pete "bado iko sawa" ni kupanda mbegu nzuri kwenye shamba la magugu.

Kununua

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ina beringi za kila aina na kila bei. Nenda na zile za zamani mfukoni, zikiwa zimeoshwa ili namba zisomeke. Namba imechorwa ubavuni mwa pete, na pete ya ndani na ya nje zina namba tofauti: kwa mfano LM11949 ni pete ya ndani na rola zake, tundu la milimita 19.05, na mwenzake wa nje ni LM11910. Soma kutoka kwenye beringi yako, maana mwenye duka akiulizwa "ya Hilux" atakupa ya Hilux aliyonayo.

Majina kama NTN, Koyo, NSK na Timken yanaigwa sana, na boksi zuri si ushahidi. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe: yawe makali, yamenyooka, na yafanane na ya kwenye boksi. Rola zote ziwe na mng'ao mmoja. Kizimba kisiwe na makali ya kukatia mkono. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote mtaani, umeshajibiwa. Beringi za mtumba kutoka kwenye habu ya gari lililovunjwa siziungi mkono hata zikiwa za Japani. Umekataa historia ya beringi yako ukanunua ya mwingine usiyoijua.

Nunua pia sili mbili, kotapini mpya, na mkebe wa grisi ya beringi za magurudumu, ugumu wa namba 2 kwenye kipimo cha NLGI, unaostahimili joto la breki za diski. Alama ya GC-LB kwenye mkebe inakuhakikishia hilo. Usichanganye grisi mpya na mabaki ya zamani, kwani aina mbili zisizopatana hulainika na kutiririka.

Kufunga na kukaza

Pete za nje za zamani hutoka kwa kugongwa kutoka upande wa pili. Ndani ya habu nyingi utaona mapengo mawili yanayoacha ukingo wa pete wazi. Gonga hapo kwa zamu na kipande cha shaba, kidogo huku, kidogo kule, isije ikakwama upande. Safisha kitako chake kabisa. Pete mpya zilale kwenye friza usiku mzima zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, zitasinyaa kiasi cha kuingia kwa ustaarabu. Upande mnene unatangulia ndani. Tumia pete ya zamani kama kigongeo juu ya mpya, uwe umeipasua kwanza kwa grainda ili isikwame. Pete ikifika chini nyundo inabadilisha sauti, kutoka mlio mwepesi hadi pigo zito lisilo na mwangwi. Baada ya hapo chungulia: kusiwe na mwanga kati ya pete na kitako.

Grisi inaingia kwenye beringi kwa kiganja. Weka bonge mkononi, kandamiza upande mpana wa beringi kwenye ukingo wa bonge mpaka grisi ichomoze upande wa pili kati ya rola, zungusha, endelea mpaka umalize duara. Kupaka juu juu kwa kidole hakuhesabiki. Ndani ya habu paka tabaka lililo sawa na kimo cha pete; ukiijaza yote, grisi itatanuka kwa joto na kutafuta njia kupitia sili. Weka beringi kubwa, gonga sili mpya ikae sawa, paka mdomo wake grisi, futa diski, rudisha habu kwenye stabu, kisha beringi ndogo, washa na nati.

Sasa nati, na hapa usiharakishwe na mtu. Zungusha habu kwa mkono huku ukikaza nati hadi karibu Newton-mita 30, endelea kuzungusha mizunguko kadhaa ili rola zijipange. Kama huna spana ya kupimia, spana ya sentimita 20 ikivutwa kwa nguvu ya kunyanyua kilo 15 inakufikisha hapo. Kisha legeza nati kama robo mzunguko mpaka iwe huru, halafu ikaze tena kwa vidole tu, bila spana. Weka kofia, na kama tundu la kotapini halilingani, geuza kofia upate nafasi nyingine; ikishindikana kabisa, chagua upande wa kulegeza kidogo. Kitabu cha gari lako kikitoa kipimo tofauti, kitabu kinashinda. Habu izunguke kwa ulaini bila kukwama na bila "tok". Kunja kotapini, gonga kifuniko.

Rudisha kalipa, funga gurudumu, teremsha gari, kaza nati za gurudumu kwa kuvuka, moja kisha iliyo upande wa pili wake. Hizi za milimita 12 huchukua karibu Newton-mita 100. Kabla ya kuwasha injini, pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu. Pistoni ulizirudisha ndani ulipotoa kalipa, na kanyago la kwanza halitashika chochote. Langoni si mahali pa kugundua hilo.

Baada ya kilomita 15 pima joto, na baada ya kilomita 100 inua tena utikise. Mchezo mdogo uliojitokeza mapema ni pete kujikalisha. Rudia kukaza kwa njia ile ile, na kotapini nyingine.

Ikirudia licha ya yote

Hapo beringi haina hatia, angalia inapokaa. Pete ya ndani inapaswa kuteleza juu ya stabu kwa kusukumwa na mkono. Hilo ni la kawaida na huwatisha watu bure. Kisicho cha kawaida ni pete kutikisika juu chini, au stabu yenye mfereji unaoshika ukucha pale pete inapokaa. Pete ya nje nayo lazima ikaze ndani ya habu. Ikiingia kwa kidole, tundu limelika. Utaonyeshwa dawa ya mtaani ya kutoboa vidoti kwa panchi ndani ya tundu ili chuma kivimbe kishike pete. Kinashika wiki chache, na pete inakaa upande, ikiacha ile alama pana upande mmoja uliyoisoma juani. Habu iliyolika na stabu yenye mfereji zinabadilishwa. Hizi unaweza kuzipata za mtumba kwa wauza vipande vya magari yaliyovunjwa, na ukienda, beba kalipa ya vernier (ile ya kupimia unene, si ya breki) na vipimo vya beringi ulizonunua, upime stabu mahali zote mbili zinapokaa kabla ya kutoa pesa.